Kabla ya kutafuta mshauri, jua unamtafuta nani

Mhariri,

Neno "mshauri" siku hizi limekuwa kama koti la mtumba la Mwanjelwa: kila anayelijaribu linamkaa. Mchungaji ni mshauri, shangazi ni mshauri, mtoa mada wa semina ya ujasiriamali ni mshauri, na muuguzi wa kitengo cha afya ya akili naye ni mshauri. Mtu asiyelala wiki ya tatu sasa anaambiwa "tafuta mshauri", anamwendea aliye karibu, na yakiharibika anasema ushauri hausaidii.

Tuanze na mwili, maana hapa Nyanda za Juu Kusini mwili hudanganya sana. Milima yetu ina historia ndefu ya upungufu wa madini joto na rovu, yaani uvimbe wa shingo. Tezi ya shingo ikilegea, mtu anachoka, ananenepa bila kula sana, anasikia baridi hata jua la saa sita, hamu ya kila kitu inamtoka. Ukimwona utasema ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha. Hiyo inapimwa kwa damu, na hakuna mazungumzo yatakayoiponya. Kifafa nacho kinachanganya watu. Kwenye maeneo ambako nguruwe huzurura ovyo, kama Mbozi na Njombe, mabuu ya tegu wa nguruwe huweza kukaa ubongoni na kumwangusha mtu mzima ambaye hajawahi kuanguka. Mayai ya tegu hutoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye mnyoo huo na kupita kwenye mikono na mboga, kwa hiyo hata asiyegusa kitimoto anaweza kuyameza. Mgonjwa wa namna hiyo huzungushwa kwenye maombezi miaka mitatu kabla hajamwona daktari. Na anayetumia ARV, dawa za kufubaza VVU, akianza kuota ndoto za kutisha au kukosa usingizi, aanzie CTC yake, yaani kliniki anakochukulia dawa hizo, kwani dawa yenyewe inaweza kuhusika. Asiiache kwa uamuzi wake.

Kwa hiyo mlango wa kwanza ni kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Ukimwambia daktari "kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio", utatoka na dawa ya maumivu. Mwambie: silali, naamka saa tisa usiku, sina hamu ya kula, nimeacha kwenda shamba, na hali hii ina wiki ya tano. Muda ndio unaomfungua masikio. Huzuni au kukosa raha karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi ni jambo la kuchunguzwa. Beba dawa zote unazotumia, mitishamba ikiwemo.

Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ndiye anayechambua ugonjwa na kuandika dawa. Ni wachache, utawapata hospitali kubwa kama Rufaa ya Kanda Mbeya. Lakini usidharau muuguzi wa afya ya akili wa wilayani. Wagonjwa wengi wanamaliza matibabu kwake bila nauli ya kwenda mjini. Mwanasaikolojia anatibu kwa mazungumzo, haandiki dawa. Mshauri nasaha anafaa kwa msiba, ugumba, majibu ya kipimo, mpasuko wa familia. Afisa ustawi wa jamii yuko kila halmashauri, na ndiye wa kumwona kwa matunzo ya mtoto au msamaha wa gharama kwa asiyejiweza. Baraza la usuluhishi la ndoa lipo kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 kama hatua kabla ya mahakama. Wanaolifuata wakitarajia tiba hurudi na hati ya kupeleka mahakamani. Na ndoa yenye kipigo msiwakalishe wawili chumba kimoja. Anayepigwa hatasema ukweli mbele ya anayempiga, na akithubutu atalipia nyumbani. Huyo aende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kwa mtoto, simu ya msaada namba 116 ni bure.

Pombe ina hatari yake. Mnywaji wa kila siku, wa ulanzi au wa gongo, asiachishwe ghafla nyumbani kwa kufungiwa ndani. Kutetemeka, kuweweseka na degedege huja ndani ya siku mbili tatu, na wengine hufa. Aachishwe chini ya uangalizi wa hospitali, ushauri ufuate.

Ukimwendea mshauri binafsi, muulize bila aibu: umesoma chuo gani, kwa ngazi gani, nani alikusimamia kazini? Cheti cha semina ya siku tatu si stashahada. Uliza bei ya kikao, kwa kawaida dakika 45 hadi 60, na ni vikao vingapi kabla ya kupima kama kuna mabadiliko. Uliza daftari lake linafungiwa wapi. Mji wetu ni mdogo, mtakutana sokoni Uyole. Kama mgonjwa ni bibi anayejieleza vizuri kwa Kinyakyusa au Kihehe tu, mkalimani asiwe mwanawe wala mkwewe.

Kikao cha kwanza kitakuonyesha. Akizungumza yeye dakika arobaini, akikuhubiria, akikuuzia virutubisho, akikukopa, au akikwambia uache dawa za hospitali, usirudi. Ila kutoka ukiwa mzito moyoni si dalili mbaya, kidonda kimefunguliwa. Mpe vikao vitatu. Dawa za sonona nazo huchukua wiki mbili hadi sita kufanya kazi, wakati mdomo mkavu na usingizi huja siku za mwanzo. Ndiyo maana watu huziacha wiki ya kwanza, wamepata usumbufu bila faida.

Anayesema anataka kujiua, au mama aliyejifungua karibuni anayesikia sauti, haandikiwi miadi. Apelekwe mapokezi ya dharura usiku huohuo, asiachwe peke yake. Dawa ya kunyunyizia viazi na nyanya iliyo uvunguni ihamishiwe kwa jirani, kabla hata ya kutafuta bodaboda.

Ombi langu kwa waganga wafawidhi: andikeni kwenye ubao wa getini siku ya kliniki ya afya ya akili na namba ya chumba. Na chumba chenyewe kisitazamane na foleni ya dirisha la dawa, kwa sababu mgonjwa akimwona jirani yake pale anageuka na kwenda zake.

Mshauri nasaha,
Uyole, Mbeya