Picha ya mgombea isituchagulie kiongozi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie namna tunavyowapima wagombea huku Tandahimba. Kampeni zikianza, vijiweni husikii watu wakiulizana fulani amefanya nini. Utasikia, "Huyu ana sura ya uongozi," au "Yule kakaa kinyonge, bungeni atamtetea nani?" Mgombea hata salamu hajamaliza, keshahukumiwa. Hapo fulana na kofia sijazitaja.

Wala si ushamba wa watu wa kusini. Mwaka 2005 Alexander Todorov na wenzake wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliwaonyesha watu picha za wagombea wasiowajua, wawili wawili, wakauliza yupi anaonekana hodari zaidi. Katika viti vya Seneti, aliyeonekana hodari ndiye aliyeshinda mara saba hivi kati ya kumi. Waliotazama kwa sekunde moja tu nao walikaribia hapo hapo. Mwaka 2009 John Antonakis na Olaf Dalgas waliwapa watoto wa Uswisi picha za wagombea ubunge wa Ufaransa, wakawaambia wachague nahodha wa chombo. Watoto, wengine wa miaka mitano, nao wakawabaini washindi wengi. Mtu mzima na kitambulisho chake cha kupigia kura anapimaje sawa na mtoto wa chekechea?

Picha kwenye karatasi ya kura siilaumu, maana inamsaidia asiyejua kusoma. Ila utafiti wa Gabriel Lenz na Chappell Lawson wa mwaka 2011 uliona kuwa sura huwavuta zaidi wanaotazama sana televisheni huku siasa wakizijua kidogo. Basi tatizo ni njaa ya habari.

Kwa hiyo kabla ngoma haijalia mkutanoni, wananchi wapewe nafasi ya kuuliza. Salfa, dawa ya mikorosho, ilipochelewa mikorosho ikiwa inachanua, ulimwandikia nani? Malipo ya mnada wa korosho yalipokwama, ulikuwa wapi? Na kangomba, ule ununuzi wa magendo, je, hujawahi kununua korosho za wenzako kwa bei ya njaa? Wanaoomba ujumbe wa bodi za AMCOS, vyama vyetu vya ushirika vya kuuzia mazao, nao waulizwe hivyo hivyo. Huko ndiko fedha zetu zinakopita.

Nawe Mhariri, ukichapisha picha ya diwani anayetetea kiti chake, tuwekee chini yake vikao vingapi vya baraza alihudhuria na alichosema humo.

Mkulima wa korosho,
Tandahimba, Mtwara