Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Sinema

Ndugu wanachama,

Mwaka huu safari ya Zanzibar imemeza karibu kila kitu, na sioni haya kusema hivyo. Mahesabu atayasoma mhazini. Wenye ada za nyuma wanajijua.

Tulikwenda Vuga, mtaa wa Mjini Unguja, kuliona jumba la sinema la Majestic. La kwanza pale liliitwa Royal. Lilifunguliwa 1921, mchoro ukiwa wa J. H. Sinclair, Mwingereza yuleyule aliyechora jumba la makumbusho la Beit el Amani, mtu wa matao na kuba. Uarabu kama ulivyomjia ofisa wa serikali ya kikoloni. Jumba hilo liliteketea kwa moto. Mwaka 1955 likasimama jingine, lililochorwa na Dayalji Pitamber Sachania, naye hakuhangaika na kuba: alileta mtindo wa Art Deco, zege na mistari iliyonyooka.

Mzee wetu mmoja alinung'unika kwamba hili la pili "si la Kizanzibari". Tulibishana kutoka Vuga mpaka bandarini. Mimi nasema ndilo la mji hasa, maana mwaka 1955 watu hawakwenda sinema kutazama Uarabu wa Mzungu. Walitaka usasa, na walitaka kukaa kwenye usasa huo wamevaa vizuri. Yalikuwapo hata maonyesho ya wanawake peke yao, ukumbi mzima mabuibui. Mzee bado hajakubali.

Na sisi je? Reli ilifika Mwanza 1928, na mikanda ya filamu ilisafiri kwa treni kama mzigo mwingine wowote. Sinema ya Liberty wazee wetu wanaitaja mpaka leo kama wanavyotaja jirani aliyehama. Baadaye majengo mengi ya kupangisha yalitaifishwa kwa sheria ya 1971, kisha ikaja video, na 1994 televisheni ikaingia Bara. Kumbi zikabaki na popo.

Hapa ndipo tulipokwama. Jengo moja la sinema mjini Mwanza tulitaka kulipima: ngazi, roshani, chumba cha mashine. Barua mbili tumeandika, mwenye jengo kimya. Tumepiga picha za nje tu, tukiwa ng'ambo ya barabara, kati ya bodaboda.

Mwakani tutaandika ya tatu. Wakati huohuo, mwenye tikiti ya zamani au picha ya harusi iliyopigwa mbele ya sinema yoyote ya Mwanza ampe katibu. Atainakili na kuirudisha, bahasha anazo.

Mwenyekiti,
Mwanza