Kupangisha masafa kunahitaji rejista kwanza

Ndugu Mhariri,

Hoja ya kuruhusu kampuni za simu kupangisha masafa ya redio wasiyoyatumia kwa migodi, vyuo na watoa huduma wadogo ni nzuri, na naiunga mkono. Ila watetezi wake wachunguze kwa makini Marekani ilivyofanya kwenye masafa ya megahezi 3550 hadi 3700.

Mwaka 2020 mamlaka yao ya mawasiliano, FCC, ilinadi leseni 22,631 zenye upana wa megahezi 10 kila moja, saba kwa kila eneo lenye ukubwa wa kaunti. Udogo huo ndio unaowezesha biashara, maana kiwanda kinaweza kupanga kipande kinachokitosha. Mpangaji huanza kwa kuthibitisha sifa zake FCC. Wakishaelewana bei na mwenye leseni, taarifa hupelekwa kwa msimamizi wa mfumo wa kompyuta unaogawa masafa, naye huhakiki kwamba eneo hilo halijashikwa na mitambo ya mwenye leseni na kwamba mpangaji hajavuka kikomo cha megahezi 40.

Kuna kanuni moja ambayo wengi wanaipita. Pale mwenye leseni asipowasha mtambo, wengine huruhusiwa kutumia masafa yake bure, bila ulinzi. Kwa hiyo kodi inalipia kinga dhidi ya mwingiliano wa mawimbi. Mpangaji apime mawimbi yaliyopo hewani kabla ya kusaini, hasa saa za kazi. Leseni saba za kila eneo huchukua megahezi 70 kati ya 150; zile 80 zilizobaki, zilizoachwa kwa wote, zikiwa tulivu hapo alipo, asitoe hela.

Hata kinga hiyo ina mpaka. Rada za jeshi la majini zina haki ya kwanza: vitambuzi vya pwani vikizinasa, mfumo una sekunde 300 kuhakikisha mitambo inayohusika imezimwa au imehamia masafa mengine. Bandari inayoendesha kreni kwa mtandao huo lazima iwe na njia ya akiba. Halafu kuna fundi anayekosea kuandika mahali antena ilipo au urefu wake. Mfumo hukokotoa ulinzi kwa takwimu hizo, hivyo antena halisi hubaki bila kinga na jirani huvurugiwa.

Mamlaka za mawasiliano za Tanzania na Kenya, TCRA na CA, zikitaka soko hili, zianze kwa kuchapisha rejista, yaani ramani ya wilaya kwa wilaya: nani ana masafa gani, leseni yake inaisha lini, mitambo ipi imewashwa. Bila hiyo, mtu wa Namtumbo anayehitaji megahezi 10 hatajua abishe hodi kwa nani.

Mhandisi wa redio,
Dar es Salaam