Ule mwezi wa pili wa angani tuliobishania Mwaloni

Kirumba, Mwanza
Jumapili usiku

Ndugu yangu Masalu,

Salaam nyingi. Huku wote wazima. Mama anakusalimu, na anaulizia ile ndoo yake uliyobebea dagaa.

Pale sokoni Mwaloni ulisema dunia ina mwezi wa pili angani, nikakucheka mbele za watu. Sasa nimeusoma, na nimejirudi nusu. Kitu kipo kweli. Kinaitwa Kamoʻoalewa, kiligunduliwa Aprili 2016 kwa darubini ya Pan-STARRS kule Hawaii. Ni asteroidi, jiwe la mita 40 hadi 100 hivi, linalojizungusha lenyewe kila baada ya dakika 28.

Ila linazunguka jua, si sisi. Hapo nilikwama mpaka nilipofikiria mitumbwi. Chukua miwili inayozunguka kisiwa kimoja na kumaliza duru kwa muda uleule. Wetu haubadilishi umbali wake na ufukwe. Wa jirani njia yake imevutika: ukisogelea kisiwa unakaza mwendo na kutupita, ukitanga mbali unazubaa, tunaupita. Sasa kaa kwenye mtumbwi wetu, mtazame jirani peke yake, kisiwa usikiangalie. Mara yuko upande wa kisiwa, mara mbele, mara upande wa maji makuu, mara nyuma. Utaapa anakuzunguka! Kumbe kila mtu na safari yake. Kisiwa ndicho jua, mtumbwi wetu ndio dunia. Jiwe nalo humaliza duru kwa mwaka mmoja hivi, kama sisi, na halitukaribii zaidi ya mara 38 ya umbali wa mwezi.

Lakini kuna robo umeshinda. Mwanga wake unafanana na wa mawe ya mwezini, na wapo wataalamu wanaodhani ni kipande kilichomeguka mwezini ulipogongwa. Si mwezi basi, ila huenda ni mtoto wake. Mei 2025 China ilirusha chombo, Tianwen-2, kikachote udongo wa jiwe hilo.

Nilimsimulia yule nahodha wa mtumbwi wa dagaa aliyekuwa anakutetea. Akang'aka: "Huu mmoja tu mbalamwezi yake inatulaza nchi kavu, wa pili wa nini?" Nikamwambia hauonekani hata kwa macho, hauwezi kuzishinda taa zake za kuvutia dagaa. Akatulia. Usiku huu ni giza, wameingia ziwani. Nikichungulia dirishani naona taa zao zimejipanga hadi mbali.

Ndoo usisahau.

Wako,
Juma