Kwa marubani wenye watoto wadogo, kabla hamjasaini mkataba wa ndege za mizigo

Wanangu marubani, pamoja na wake na waume zenu ambao ningependa muisome barua hii mkiwa mmekaa pamoja,

Mkataba wa ndege za mizigo za masafa marefu ukifika mezani, macho huenda kwanza kwenye mshahara, kisha kwenye ndege yenyewe. Nani asiyetamani kurusha 747-8F inayobeba zaidi ya tani 130, au 777F inayobeba tani 100 na kitu? Tamaa hiyo haina ubaya. Ila jambo litakaloamua kama nyumba itatulia limeandikwa kurasa za nyuma: mtu atakuwa nyumbani siku ngapi akiwa macho, na ni nani anayechagua siku hizo. Nitakaa hapo kwa kirefu. Mengine nitayagusa tu.

Chukueni kalamu. Mipango ya kazi ni mingi: siku 14 kazini na 14 nyumbani, 17 kwa 13, 20 kwa 10, na ile ya wiki kwa wiki kutoka kituo kimoja. Tuseme mmepewa 17 kwa 13. Toeni siku moja ya safari ya kurudi. Toeni mbili za usingizi, ambazo mtu yupo nyumbani kwa mwili tu, anajibu swali la mtoto dakika mbili baada ya kuulizwa. Toeni ya mwisho, ya kufunga begi na kulala mapema. Zinabaki tisa. Katika siku tisa mfululizo mna uhakika wa wikendi moja kamili. Ya pili ni bahati ya kalenda. Mtoto aliyeanza shule mtamwona asubuhi, jioni na wikendi hiyo. Kwa mtoto ambaye bado hajaanza shule, siku tisa ni zake zote, na hapo rubani wa mizigo humshinda baba au mama wengi wanaorudi kutoka ofisini kila jioni wamechoka. Ndiyo maana umri wa watoto unapaswa kuingia kwenye hesabu kabla ya mshahara: mpango uleule unaweza kuwa baraka mtoto akiwa na miaka miwili na ukawa mzigo akiwa na kumi na miwili.

Sasa ulizeni siku ya mapumziko inaanza lini. Ratiba nyingi huandikwa kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa inayotumika katika usafiri wa anga, na siku huhesabiwa kuanzia saa sita usiku ya saa fulani: ya UTC, ya kituo cha kazi, au ya mahali ulipo. Zamu ikiisha saa sita kasoro kumi usiku bara la mbali, kwenye karatasi kesho yake wewe uko mapumzikoni, ilhali bado una saa 15 za safari kama abiria. Mkataba mzuri husema wazi kwamba safari ya kurudi ni kazi na hulipwa. Mkataba mbaya hunyamaza, na kimya hicho ni siku mbili za familia kila mzunguko, moja ya kwenda na moja ya kurudi.

Hilo linatupeleka kwenye kituo cha kazi, na hapa sitapindisha maneno. Ukilazimika kuchagua kati ya ndege kubwa yenye kituo cha mbali na ndege ndogo kidogo yenye kituo karibu na nyumbani, chagua kituo. Makampuni mengine hukukatia tiketi yenye kiti cha uhakika kutoka uwanja ulio karibu na kwako. Hapo kituo ni suala dogo. Mengine hukuachia ufike kituoni kwa njia zako. Rubani anayesafiri kwa tiketi ya kusubiri nafasi lazima apange angalau ndege mbili kabla ya saa ya kuripoti, ili ya kwanza ikijaa asikose ya pili. Maana yake anaondoka nyumbani siku nzima kabla, analala kwa gharama yake, na zile siku tisa zinapungua. Na anaanza zamu akiwa ameshachoka, kabla hajagusa ndege.

Kisha swali la nani anachagua siku. Katika makampuni mengi jibu ni orodha ya ukongwe. Aliye juu anachagua safari, likizo, kituo na aina ya ndege; aliye chini anapokea mabaki. Mgeni huwa chini kabisa, hata kama alikuwa kapteni kwingine kwa miaka kumi, na akihamia kampuni nyingine anaanza upya mkiani. Kwa hiyo msiulize marubani wa kampuni hiyo wanaishije. Ulizeni rubani msaidizi wa mwaka wa pili anaishije. Ombeni kuona ratiba zake za miezi mitatu, mmojawapo uwe Desemba. Mizigo hufurika kuanzia Oktoba hadi Desemba, kisha tena kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, viwanda vikiwa bado havijafungwa, na maua hujaza ndege kabla ya tarehe 14 Februari. Mgeni asitarajie likizo ya mwisho wa mwaka. Mgeni pia huwekwa kwenye zamu za kusubiri simu. Ulizeni akipigiwa anapewa saa ngapi za kuripoti, na kama anaweza kusubiri akiwa nyumbani. Kusubiri nyumbani ukiwa na saa 12 za kuripoti ni maisha ya kawaida yenye simu mfukoni. Kusubiri hotelini ukiwa na saa mbili tu za kuripoti ni kifungo chenye televisheni.

Kabla hata ya ratiba ya kwanza kuna mafunzo: darasa, simuleta (mashine ya kuigiza urushaji wa ndege), kisha safari za uangalizi na mkufunzi. Wekeni miezi mitatu hadi minne ya kuwa mbali karibu muda wote. Kama mimba iko miezi ya mwisho, ombeni darasa linalofuata, maana kuondoka katikati ya mafunzo huwa kugumu kuliko kuchelewa kuyaanza. Baada ya hapo kuna mitihani ya simuleta, mara nyingi kila miezi sita. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui mpaka wamo ndani: rubani anatakiwa kuwa na mipao mitatu na mituo mitatu, yaani kupaa mara tatu na kutua mara tatu, ndani ya siku 90. Safari ndefu ikiwa na marubani wanne ndani, ni mmoja tu atakayetua. Mtu anaweza kuruka saa 80 kwa mwezi na bado akapungukiwa na mituo, akaitwa kwenye simuleta ili kuifidia. Ulizeni kama siku hiyo inakatwa kwenye mapumziko yake.

Nije kwenye usingizi. Mwili huzama chini kabisa kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri kwa saa ya mwili wenyewe, si kwa saa ya ukutani. Mwili huhama takribani saa moja kwa siku, na huwa mzito zaidi ukielekea mashariki. Rubani aliyevuka kanda nane za saa na kukaa siku mbili hayuko kwao wala hayuko alipo. Safari za mizigo nazo ni mnyororo wa vipande: ndege nyingi zinazovuka Pasifiki hutua Anchorage, Alaska, kujaza mafuta, kwa sababu mafuta ya kuvuka moja kwa moja yangekula uzito wa mizigo inayolipa. Marubani hubadilishana hapo, hulala, huendelea. Kipande kimoja kikichelewa, vyote vya nyuma yake husogea, na ahadi ya kupiga simu saa fulani husogea navyo. Pumziko baya kuliko yote ni lile la saa 24 hivi baada ya kuruka usiku: unafika asubuhi, unalala saa tano, unaamka mchana, na usingizi wa pili unagoma kuja wakati ndio unauhitaji kabla ya usiku mwingine. Kwenye zile ratiba mlizoomba, hesabuni mapumziko ya namna hiyo. Yakiwa manne katika mzunguko mmoja, zile siku mbili za usingizi nilizowatoza juu zifanyeni tatu.

Msidhani sheria itawalinda kwa namna moja kila mahali. Marekani ilipoanza kutumia kanuni mpya za uchovu wa marubani Januari 2014, iliziweka kwa ndege za abiria na kuziacha nje za mizigo. Ulaya kanuni hazibagui: saa 100 za kuruka ndani ya siku 28, saa 900 ndani ya mwaka wa kalenda, na pumziko la saa 36 lenye usiku mbili ndani yake angalau kila baada ya saa 168. Sheria inayowahusu ni ya nchi iliyosajili kampuni, si ya nchi mnayolala. Pale sheria inapokuwa nyembamba, mkataba wa chama cha marubani ndio huziba pengo, kwa hiyo ombeni nao.

Haya si maneno ya kutishana. Tarehe 14 Agosti 2013 ndege ya mizigo ya UPS, safari namba 1354, ilianguka kabla ya mapambazuko ikikaribia Birmingham, Alabama, na marubani wote wawili wakafariki. Wachunguzi walisema chanzo ni kuendelea kushuka kwenda kutua ilhali mshuko wenyewe haukuwa thabiti. Lakini miongoni mwa yaliyochangia walitaja uchovu, ukiwemo wa rubani msaidizi kutokana na namna alivyotumia muda wake wa mapumziko. Msomaji wa haraka ataliona hilo kama jambo la rubani peke yake. Mimi naliona pia kama jambo la nyumba nzima: siku ya mwisho kabla ya zamu ya usiku haiwezi kuwa siku ya harusi, ya kuhama nyumba, wala ya kumalizia ugomvi. Chumba chenye giza, simu nje, watoto kwa jirani kama inabidi. Na akirudi, asiendeshe gari mwendo mrefu siku hiyohiyo, wala msifungue mazungumzo ya fedha kabla hajalala usiku mmoja kamili.

Kuhusu mionzi ya angani, ambayo watu huniuliza sana: wafanyakazi wa angani kwa kawaida hupata millisievert (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) 2 hadi 5 kwa mwaka, chini kabisa ya kikomo cha 20 kinachopendekezwa kwa wafanyakazi. Usingizi unanisumbua zaidi. Rubani mjamzito ndiye wa kuchukua tahadhari, kwa kuwa mtoto tumboni anapaswa kubaki chini ya 1. Atoe taarifa mapema.

Fedha. Tafuteni saa za chini zinazolipwa hata usiporuka. Kama wastani wa marubani ni saa 85 kwa mwezi na kima cha chini ni 65, mizigo ikipungua kipato kitashuka karibu robo, na posho za safari zitashuka pamoja nacho. Biashara hii hupanda na kushuka kwa nguvu, kwa hiyo mikopo ya nyumba na karo vikae juu ya 65, kamwe si juu ya 85. Someni pia dhamana ya mafunzo, yaani fedha mnayodaiwa mkiacha kazi mapema: ikiwa ni miezi 36 inayopungua kidogokidogo kila mwezi, anayeacha mwezi wa kumi bado anadaiwa 26 kati ya 36. Bima ya kupoteza leseni kwa ugonjwa ilipwe kuanzia siku ya kwanza.

Kwa mnaobaki nyumbani: jifunzeni kusoma ratiba ya UTC wenyewe. Muwe na namba ya ofisi ya ratiba inayopokea saa zote, kwa kuwa rubani akiwa juu ya bahari ujumbe hupita kwao. Andaeni hati ya uwakilishi ya kisheria ili mweze kusaini hospitalini, benki na shuleni bila kumsubiri. Jambo la ghafla likitokea, kurudi kwake huchukua siku nzima au moja na nusu hata kampuni ikisaidia kwa moyo wote. Tajeni leo jina la mtu atakayekuja usiku wa manane kukaa na watoto. Kama jina hilo halipo, msijibu barua ya kazi hadi lipatikane.

Kisha andikeni, wawili, lini mtaangalia upya na nini kitawafanya muache. Mwezi wa 18 unafaa: mafunzo yamepita, ratiba halisi imeonekana, na nusu ya dhamana imekwisha. Masharti yawe ya kuhesabika, kwa mfano siku za nyumbani zikishuka chini ya saba kwa mzunguko mara tatu mfululizo, na fedha ya kulipa dhamana iliyobaki iwe imeshawekwa pembeni.

Kampuni huwapa watu siku chache za kujibu. Tumieni ya kwanza kutuma maswali kwa barua pepe: siku ya mapumziko inaanza saa ngapi na kwa saa ya wapi, safari ya kwenda na kurudi ni ya nani, saa za chini za malipo ni ngapi, zamu ya kusubiri inasubiriwa wapi, simuleta ya kufidia mituo inakatwa wapi. Jibu la simu halitoshi. Likija la simu, liandikeni wenyewe, mlirudishe kwao, na muombe walithibitishe kabla ya kusaini.

Mzee wenu katika kazi