Nijibu kabla ya Ijumaa, habari ya monita

Swahiba Idrisa,

Hujambo, na nyumba yako je? Sisi wazima, isipokuwa shingo yangu, na hiyo shingo ndiyo inayoniandikisha barua baada ya kimya cha miezi minne. Najua utasema nakukumbuka nikiwa na shida. Ni kweli. Shida yenyewe ni kwamba Ijumaa kabla ya saa sita mchana natakiwa niwe nimerudisha fomu ya kuagizia monita ya kompyuta. Moja tu, ile pana, ya kukaa nayo miaka. Nikikosea safari hii hakuna atakayenisikiliza tena, maana nilishakosea mara moja.

Hukusikia? Nilidhani Sudi kakwambia, yeye ambaye habari hailali kifuani mwake hata usiku mmoja.

Unazikumbuka zile monita zangu mbili za inchi 24, ile ya kulia yenye mstari wa kijani? Ile yenye mstari ikafa. Nikajiambia mlango umefunguka, nitupe zote mbili nilete moja kubwa isiyo na ule ukuta wa fremu katikati. Nikaagiza ya inchi 34. Idrisa, nilisoma inchi tu! Ikaja ndani ya boksi refu kama mlango wa kabati, nikaiweka mezani, kila aliyepita akasimama kuistaajabia. Nikafungua jedwali la mishahara. Herufi zimevimba kama zimeng'atwa na nyuki. Nikasafisha miwani. Nikabadilisha waya. Nikaenda kukaa mbali kidogo, nikarudi karibu. Nyuki wale wale.

Ndipo nikageuza boksi nikasoma: 2560 kwa 1080, yaani pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha, kwa upana na kwa kimo. Nikachukua karatasi nikapiga hesabu niliyopaswa kuipiga kabla ya kuagiza. Zile mbili za zamani kila moja ilikuwa 1920 kwa 1080, kwa hiyo zikikaa bega kwa bega nilikuwa na pikseli 3840 kwa upana. Hii mpya ina 2560. Nimetoa theluthi ya uwanja wangu wa kazi kwa mkono wangu mwenyewe, na kwa siku mbili nilikuwa naisifia mbele za watu. Kwenda juu ni 1080 ile ile, ila imetandazwa kwenye kioo chenye kimo zaidi. Monita za zamani zilikuwa na pikseli kama 92 katika kila inchi, hii ina 82. Ndiyo nyuki wenyewe hao.

Nikairudisha muda wa kurudisha haujaisha. Bosi hakusema neno, alinitazama tu, na wewe unalijua lile jicho. Sasa amekubali niagize nyingine, ila kwa fomu, na fomu ina mistari mitatu ya "sababu za kiofisi". Wa kwanza nimeandika "shingo". Miwili bado iko wazi.

Basi safari hii inchi nazitazama mwisho. Ya inchi 34 ninayoiwinda ni ya 3440 kwa 1440, na nadhani ndiyo hiyo hiyo unayotumia wewe, ama nakosea? Kwa hesabu yangu inatoka kama pikseli 110 kwa inchi, sawa na ile ya 27 ya 1440 iliyokuwa kwa Mwanaidi, ambayo maandishi yake niliyapenda. Na hata kimo chake ni cha ile 27, sentimita kama 33, ni kama umeivuta pembeni ikaongezeka theluthi moja. Watu wanasifu upana, lakini mimi naona faida yangu iko kwenye kimo. Mstari wa Excel usioguswa una pikseli 20, kwa hiyo kutoka 1080 kwenda 1440 nimepata mistari 18 zaidi bila kugusa kipanya. Kwa mtu anayefanya mishahara, mistari 18 ni watu 18 ambao sihitaji kuwatafuta chini ya kioo. Kolamu nazo, kwa pikseli 64 kila moja, zinavuka hamsini. Sina jedwali la kolamu hamsini, lakini mbili za kolamu 25 ninazo kila mwisho wa mwezi, na leo hii kwenye laptopu nazipandisha na kuzishusha kama mtu anayechota maji kisimani.

Sudi, bila kuulizwa, ananisukumia ile ya inchi 49. Anasema ni 27 mbili zilizounganishwa, na hapo hajakosea: 5120 kwa 1440. Nikamwambia Sudi, kioo peke yake kina upana wa karibu sentimita 120, meza yangu ina 110. Akasema nibadilishe meza. Yule ndugu ukimwomba kijiko atakushauri ununue jiko. Halafu shingo! Mimi nahama monita mbili kwa sababu ya kugeuka kulia mchana kutwa, sasa ninunue kitu ambacho pembe zake ziko kwa jirani?

Kwa njia, Zuhura amepata uhamisho, ulijua? Ameacha mafaili yake yote kwa yule jamaa yetu wa vikombe. Nitakuandikia mkasa huo siku nyingine, una urefu wake.

Nirudi. Iko pia ya inchi 38, 3840 kwa 1600, ambayo ukiniuliza moyoni ndiyo ninayoitaka. Pikseli zake kwa inchi ni karibu zile zile za 34, ila imeongezeka pande zote, na ina upana ule ule wa pikseli wa monita zangu mbili za zamani pamoja na mistari mingine ya juu. Na iko ya 40, yenye 5120 kwa 2160, ambayo herufi zake lazima uzikuze asilimia 125 ndipo usome bila kukunja uso, na hata ukizikuza bado unabaki na nafasi kama ya 4096 kwa 1728. Hizo mbili nimeziandika kwa penseli nikazifuta. Bosi ataona namba ya hela kabla hajaona namba ya pikseli.

Kuna mambo mengine ambayo nimeshayaamua, usinichanganye nayo. Paneli, yaani kioo chenyewe, itakuwa ya aina ya IPS. Ile ya VA weusi wake umekolea zaidi, lakini mimi sitazami sinema usiku, natazama karatasi nyeupe mchana, na sitaki rangi zibadilike nikiinama pembeni. Aina ya OLED nimeikataa kabisa. Ule upau wa chini wa Windows unakaa palepale kwa muda wa saa nane kila siku, na paneli za namna hiyo hubaki na kovu la kitu kisichosogea. Wanasema pia kingo za herufi huwa na kivuli cha rangi kwenye baadhi yake, nami nimeshatosheka na nyuki. Hz ngapi, yaani picha inachorwa upya mara ngapi kwa sekunde, sijali, 60 inanitosha, ikija 100 nitashukuru.

Ninachokihofia ni tundu la USB-C. Nataka ule waya mmoja unaobeba picha na kuchaji laptopu papo hapo, meza ipumue. Lakini nimegundua kwamba tundu lenye umbo hilo si lazima lipeleke picha, mengine ni ya kuchaji na data tu, na yote yanafanana uso. Laptopu yangu ya ofisini ina mawili, moja lina alama ya radi na jingine halina kitu. Chaja yake ni ya wati 65, nami naziona monita zinazotoa 65 na nyingine 90. Nikichukua ya 65 na kesho ofisi ikanipa laptopu yenye njaa zaidi, nitarudi kwenye nyaya. HDMI, ile njia nyingine ya kupeleka picha, ipo, ila ya kwangu ni ile ya zamani, 1.4, na kwa 3440 kwa 1440 nasikia mara nyingi inashindwa kufika Hz 60. Nilisema sijali Hz. Kumbe najali kidogo.

Na mpindo! Hapa ndipo ninapolala nikigeukageuka. Zimeandikwa 1800R, 1500R, nyingine 1000R, na nimeelewa kwamba hiyo ni nusu kipenyo kwa milimita: kama ungeendelea kuipinda monita mpaka iwe duara zima, ungekaa katikati mita 1.8 kutoka kwenye kioo. Namba ikishuka, mpindo unakaza. Sawa. Lakini mimi kutwa nzima nachora mistari iliyonyooka. Jedwali langu likiinama kama daraja nitaliamini vipi? Mwanaidi anasema siku tatu jicho linazoea. Mwanaidi huyohuyo alisema viatu vile vitazoea.

Halafu kuna jambo ambalo sikulitegemea, na ndilo linalonifanya nisite kuliko yote. Ule ukuta wa katikati niliokuwa naulalamikia, zile fremu mbili zilizogusana, nimeanza kuukumbuka. Kushoto kazi, kulia barua pepe. Ukuta ulikuwa unanipangia. Zile siku chache za monita ya nyuki nilikuwa nikibonyeza kukuza dirisha na barua pepe ya mistari miwili inajinyoosha kutoka pembe hadi pembe, nasoma kama natazama watu wanacheza mpira wa meza. Nimejifunza kwamba kwenye Windows 11 ukishika kitufe cha Windows na Z zinatoka ramani za kupanga madirisha, na kuna ile FancyZones ndani ya programu ya PowerToys, ya bure, ya Microsoft wenyewe, unachora maeneo yako mwenyewe. Nataka tatu: katikati pana kwa jedwali, pembeni mbili nyembamba. Ila sijui kama ofisi itaniruhusu kuiweka, unawajua watu wetu wa mitambo, hata saa ya ukutani wanaitilia shaka.

Mkutano nao. Juzi, bado nina ile ya nyuki, niliwaonyesha wenzangu kioo changu chote wakati wa kikao. Kimya. Mwisho Bosi akasema, "Hicho ni kitambaa cha kufungia zawadi au ni ripoti?" Kwao ilionekana utepe mwembamba, weusi juu na chini, na herufi kama chawa. Tangu siku hiyo naonyesha dirisha moja tu, lakini aibu ilishaingia kwenye kumbukumbu za kikao.

Basi nisaidie, wewe uliyekaa na ya kwako mwaka mzima na zaidi. Ukiwa umekaa kawaida, umbali wa mkono, herufi za Excel unazisoma kwa asilimia 100 au umezikuza? Ya kwako imepinda ngapi, na mistari ilikuchukua muda gani kunyooka machoni? Stendi yake inashuka vya kutosha? Maana mimi ni mfupi, nataka ukingo wa juu wa kioo usipite macho yangu, na zile stendi nzito naona nyingine zinakomea juu. Au wewe uliifunga kwenye mkono wa chuma? Kama ni mkono, ulitazama kwanza uzito unaobebeka? Unatumia waya mmoja kweli, au nyuma kuna msitu? Uliwahi kutamani monita ya pili, hata ndogo, ya kusimamisha wima pembeni? Na niambie kweli, ungeanza upya leo, ungechukua hiyo hiyo au ungempigia Bosi magoti kwa ajili ya 38?

Jibu hata kwa mistari mitatu. Ukiweza pima kwa futi kamba kutoka ukutani mpaka mbele ya miguu ya stendi, maana meza yangu ina kina cha sentimita 60 tu na miguu ya hizi monita inatanuka kama ya kaa. Nisalimie mama watoto, na mwambie ile bakuli yake bado ninayo.

Wako,
Hamisi

Nyongeza: Sudi asijue kwamba nimekuuliza wewe. Na kama una sababu za kiofisi mbili zenye kuaminika, niandikie hizo kwanza.