Kambale kuonekana Msimbazi si ushahidi kwamba maji ni mazima

Ndugu Mhariri,

Kila tunapozungumzia uchafu wa Mto Msimbazi, barazani kwetu Tabata hakosi mtu wa kusema: "Mbona kambale wamejaa? Maji yangekuwa na sumu si wangekufa?" Naomba nafasi niijibu hoja hiyo, maana nimeona hata watu wenye elimu yao wakiikubali.

Kambale ni shahidi mbaya. Juu ya matamvua yake ana kiungo cha kuvutia hewa, ndiyo maana huibuka, akapiga funda la hewa na kuzama tena, akaishi kwenye maji mazito ambayo samaki wengine hawayawezi. Ukitaka kujua metali zenye sumu, kama shaba na risasi, zinafanya nini mtoni, mtazame perege, tena uanzie kwenye matamvua, yale mashavu mekundu ambayo mnunuzi wa soko la samaki la Feri huyafunua kabla hajatoa pesa.

Samaki wa maji baridi damu yake ina chumvi nyingi kuliko mto anamoishi. Usiku na mchana maji yanamwingia na chumvi inamvuja. Hana budi kukojoa sana, na kuifyonza tena chumvi kupitia matamvua, kazi inayotegemea vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za mwili, visivyopumzika. Shaba iliyoyeyuka huvibana vimeng'enya hivyo. Sodiamu inaendelea kutoka lakini hairudi, damu inakuwa nzito, moyo unaelemewa. Zinki, kadimiamu na risasi nazo hung'ang'ania mlango ambao kalsiamu huingilia mwilini. Matamvua yenyewe huvimba na kujaa ute, oksijeni ikapita kwa shida.

Hapo dozi ni kubwa. Mimi kinachoniuma zaidi ni ile ndogo isiyoua. Mikrogramu chache za shaba kwa lita moja zinaweza kudhoofisha pua ya samaki, asisikie tena harufu inayomwonya kwamba adui yuko karibu. Samaki huyo hatumkuti akielea tumbo juu. Ameliwa, au amedumaa, na sisi tunasema mto ni mzima.

Metali hizi hazitoki mbali. Nyaya zinachomwa ili ipatikane shaba, jivu linaachwa ukingoni. Betri za magari zinapasuliwa, asidi inamwagwa mtaroni. Asidi hiyo haiishii kubeba risasi tu: huyeyusha hata metali zilizokuwa zimenata kwenye tope, na iliyoyeyuka ndiyo inayofika kwa urahisi kwenye matamvua. Tena maji magumu, yenye kalsiamu nyingi, humkinga samaki kiasi, ilhali maji laini humwacha wazi. Kiasi kilekile cha shaba chaweza kuvumilika kijito hiki na kuua kijito kile. Ndiyo sababu Marekani, tangu 2007, shirika lao la mazingira linapendekeza kiwango cha shaba kikokotolewe kwa kuangalia kemia ya maji yenyewe, si namba moja kwa mito yote.

Ombi langu kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ni hili. Mnapochota maji Msimbazi, yachujeni palepale kwa chujio la mikromita 0.45, ili metali iliyoyeyuka ipimwe peke yake. Pimeni pH, yaani kiwango cha asidi, na ugumu wa maji siku hiyohiyo. Chukueni na perege wachache, mpime sodiamu ya damu na kuyakagua matamvua, kisha majibu yabandikwe kwenye ofisi zetu za serikali za mitaa, Vingunguti hadi Jangwani. Na msisubiri kiangazi. Njooni mvua za kwanza za masika zinapoanza kunyesha, maana ndizo zinazofagia jivu lote kuingia mtoni.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam